Tone Lililotoka Jiweni Uani kwa Eudocia

"Eudocia shoga, hilo lichuma lako utalizika lini?"

Ndivyo alivyouliza jirani Nelva juu ya ukuta, na kwa swali hilo vita vikatangazwa. Basi sogeeni, enyi mliowahi kufua nguo zenye grisi, mtege masikio. Nanyi msiowahi, kaeni nyuma mjifunze adabu.

Huko Cabimas, mji ambako visima vya mafuta viko nyuma ya nyumba kama mabanda ya kuku, palikuwa na pampu uani kwa Eudocia. Miaka thelathini mumewe Audomaro aliitunza, nayo ikiinama na kuinuka, ikiguna usiku kucha; alipokufa, ikanyamaza. Mafuta yalibaki chini, yameng'ang'ania mawe. Siku ile Injinia Heberto alikuja kuyang'oa kwa sabuni ya mimea. Akishindwa, kisima kingezibwa kwa saruji, na Eudocia, aliyeshika rozari tangu alfajiri, hakuomba ila kuusikia mguno ule tena kabla hajafa.

Injinia, simba wa maabara, akatia kwenye chupa jiwe lililotolewa kisimani, akamimina maji ya kisima kile kile, kisha akaishusha sabuni yake ya nazi kama ashushaye jeshi ufukweni. Lo! Jeshi likaganda vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika, likatua chini kwa fedheha.

Nelva akacheka hadi akashika ukuta. "Likitoka tone hapo, naenda hadi kanisani kwa Bikira Chinita peku, sasa hivi, na lami hii inavyochemka! Nimeapa!"

"Bikira amekusikia," akasema Eudocia. Kisha akamgeukia Injinia. "Mwanangu, maji haya umeyaonja?"

"Mama, maji ya kisima hayaonjwi, yanapimwa."

"Basi yamekupima wewe. Ni chumvi na chokaa tupu! Nimefua ovaroli za marehemu kwa maji ya namna hii tangu hujazaliwa. Sabuni ya nazi huyaogopa. Ngoja."

Akainuka, yule jemadari wa beseni, mshinda madoa, akaingia jikoni, akatoka na sufuria ya matunda ya mti wa parapara, yatoayo povu kama sabuni, aliyoyachemsha kwa ajili ya kufulia. Akamimina chupani nusu kikombe cha maji yake ya kahawia. Injinia akaikamata chupa aitikise.

"Weka chini! Povu la nini? Unafua au unatafuta mafuta?"

Akaiweka. Wakangoja. Eudocia akamaliza fungu zima la rozari, jasho likimtiririka, asiangalie pembeni.

Ndipo ubavuni mwa jiwe likachungulia tone jeusi, dogo kuliko choroko. Likasita. Likajivuta. Likaachia, likapanda juu polepole kama mfalme apandaye kitini, na likaelea.

"Ee Mama wa Mungu," akanong'ona Injinia. Akachukua karatasi yake, akafuta neno *saruji*, akaandika: *kijaribiwe kwa parapara*.

Na iandikwe kuwa siku ile, kabla ya chakula cha mchana, mwanamke mmoja aliing'oa ngome iliyowashinda wanaume na mitambo yao.

"Audomaro," akasema Eudocia, mkono juu ya chuma cha pampu, "jiandae kuguna."

Kisha yeye na Injinia wakamtazama Nelva.

Nelva akavua kandambili zake, akazipanga juu ya ukuta, akafungua geti lake, akaikanyaga lami peku.