Kuhusu Askari Wenu Orwa, Aliyepotea Ukurasa wa 212

Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu ambaye hajala chakula cha mchana cha maana tangu riwaya yenu iingie nyumbani kwake. Naitwa Job Obura, mwalimu mstaafu wa hesabu. Riwaya yenyewe sijaisoma wala sina haja nayo. Nasikia inasifiwa kwa kuwa ina ukoo, mapenzi na vita, vyote kwa pamoja. Hongereni. Sasa vyote vitatu viko sebuleni kwangu, na naomba mje mvichukue.

1. Mapenzi. Askari wenu Orwa, akiwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, mvua inamnyeshea na risasi zinampita masikioni, anapata nafasi ya kumwandikia mkewe barua saba. Mke wangu Risper amezihesabu. Kisha akaniuliza kwa upole, mimi niliyefundisha huko Suna, mbali na nyumbani, miaka kumi na moja bila kupigwa risasi hata moja, nilimwandikia ngapi. Niliandika moja, kuhusu mabati. Si haki kumlinganisha mtu wa kutungwa na mtu aliyekuwa na madaftari ya kusahihisha.

2. Ukoo. Kila alasiri Risper humsomea mama yangu, Jedidah, mwenye miaka themanini na mbili, akimfasiria kwa Dholuo. Mmeweka humo karani mwovu anayemwandikisha Orwa jeshini kwa hila ili abaki na shamba lake. Karani huyo anaitwa Elkana. Jirani yetu naye ni Elkana. Ni mzee wa kanisa, amezaliwa vita vimekwisha zamani, lakini mama amekataa salamu zake, na Jumapili alihama benchi. Nilipomweleza, aliniambia nisiwatetee akina Elkana.

3. Vita. Hapa ndipo mlipoharibu kabisa. Ukurasa wa 212 Orwa anavuka mto, na hatumwoni tena. Ukurasa wa 213 watu wanavuna mtama, kana kwamba hamkumwacha mtu ng'ambo. Ndugu Mhariri, sisi Waluo hatupotezi mtu namna hiyo. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, tunazika yago, lile tunda refu la mti wa mwegea, pale alipopaswa kulala yeye. Analiliwa, na watu wanapumua. Ninyi mmemnyima hata tunda. Huo ni uzembe kazini.

Utauliza linanihusu nini. Baba yake mama naye aliitwa Orwa. Alikwenda vita hivyohivyo mama akiwa tumboni, na hakurudi. Bibi yangu alikataa yago kuzikwa, akisema mumewe yuko njiani, akafa akisema hivyo. Mama hajamwona baba yake hata kwa picha. Siku walipofika ukurasa ule, mama alimwambia Risper afunge kitabu, akaniita.

"Muulize huyo mwandishi," alisema, "alimwonea wapi baba."

Tangu siku hiyo anataka yago lizikwe kwao, karibu na Oyugis, na mimi mjukuu nichimbe.

Kwa hiyo naomba barua yenye mhuri, ithibitishe kwamba Orwa ni wa kutungwa, hakuzaliwa, hakuoa, hakuvuka mto wowote. Mkishindwa, mrudisheni nyumbani kwa miguu yake katika toleo lijalo, kabla ya ukurasa wa 220. Na kama hilo nalo ni gumu, mwandishi aje Oyugis na jembe lake.

Nisalimie wapiga chapa, wasahihishaji na walinzi wa lango. Mwandishi pia msalimie, ingawa kwa ufupi.

Wako mwenye kero,
Job Obura

Nyongeza: Barua hii ilikaa mfukoni juma zima. Ule mhuri usiutume tena. Jumamosi tulikwenda Oyugis. Yago nililibeba mwenyewe, na ni zito kuliko nilivyodhani. Elkana alishika jembe la pili, mama akamruhusu. Mama aliita "Baba" mara moja tu, nami nikalia mbele za watu, mzee mzima. Kabla hatujafukia, aliweka kitabu chenu juu ya tunda, akisema ndicho kilichomleta. Kwa hiyo naomba nakala nyingine haraka. Nilikuwa nimefika ukurasa wa 240, na sijui kama ile barua ya saba ilimfikia mkewe. Risper anajua, lakini anasema nimuulize kwa barua.