Firigisi ya Mtendaji

Jumatatu, 16 Oktoba

Mkutano wa kijiji. Nimerudi kichwa kinaniuma.

Ajenda ya kwanza: tumbili. Wanashuka kutoka msituni, wanamaliza mahindi mabichi, wanachezea migomba, halafu wanatukodolea macho utadhani sisi ndio wageni. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikasimama, nikapendekeza kijiji kiwe na Kamanda wa Ulinzi wa Mazao. Mtu mzima, mwenye heshima zake, mwenye silaha. Sikumtaja mtu. Nilijiweka tu koti vizuri.

Afisa wanyamapori akapinga. Eti bunduki haimalizi tumbili, inawahamishia kwa jirani. Halafu akatupa hotuba ndefu juu ya gololi za madini ya risasi, hizi zinazoshindiliwa kwenye magobore. Eti zinabaki ndani ya mzoga, tai akila anakufa. Mtu akila nyama ile, sumu inaingia kwenye damu. Eti hata kwale na kuku huzidonoa wakidhani ni changarawe za kusagia chakula, wakanyong'onyea mpaka kufa. Nilicheka kwa sauti. Kuku wa Karagwe anajua changarawe kuliko afisa!

Kisha Theoneste, jirani yangu, akanyoosha mkono. Baba yake alikuja kutoka Rwanda kabla mimi sijazaliwa, kwa hiyo hata ugeni siwezi kumsingizia. Akauliza, kwa adabu zake zile zinazoniudhi: ukoo wa Ta Gosbert, yaani mimi, mwiko wake si ni tumbili? Hawali, hawaui. Sasa Kamanda atampiga nani? Nikajibu kwamba nitapiga hewani, kutishia tu. Akasema kwa kutishia debe linatosha. Watu wakacheka hadi akina mama wa kwaya.

Ajenda ya pili ndiyo iliyonimaliza. Benadeta, mtendaji wetu mpya wa kijiji, akasoma tangazo. Mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe, mwisho tarehe 31 mwezi huu. Haulizwi kitu, hashtakiwi. Ikipita siku hiyo, ni mahakamani na jela. Miaka mingapi aliitaja, ila sikusikia vizuri. Mkutano mzima ulikuwa umegeuka kunitazama mimi.

Kosa langu mwenyewe. Miaka ishirini nimelisifia gobore la marehemu baba kwenye kila kilabu cha rubisi, kuanzia hapa Nyakasimbi hadi Igurwa. Hata watoto wa chekechea wanajua lipo. Wasichojua ni kwamba sijawahi kulifyatua hata siku moja.

Kulisalimisha? Baba aliniachia vitu viwili, shamba na gobore. Shamba limeshanishinda. Gobore silitoi!

Jumatano, 18 Oktoba

Mpango umekamilika. Nikishakuwa Kamanda, kibali kitakuja chenyewe. Kamanda bila kibali ni aibu ya serikali, si yangu. Lakini Kamanda anahitaji gololi.

Eustadia, mke wangu, ameshinda Nyakahanga hospitali kumwona dada yake. Nafasi! Nimevunja betri bovu la pikipiki, nikatoa madini yake ya risasi, nikayayeyusha kwenye kikaango. Ndiyo, kile kikaango cha senene, panzi wetu wa msimu wa mvua. Hakuna kingine chenye kitako kizito namna ile. Moshi mchungu, ladha ya misumari mdomoni. Nikamimina kupitia kopo lililotobolewa, gololi zikawa zinadondoka kwenye beseni la maji. Kazi safi! Sitini na tatu, nzuri, za mviringo kiasi.

Ghafla mtu kakohoa mgongoni kwangu. Theoneste, kaja kuazima panga. Nikaruka, beseni likapinduka, gololi zikatawanyika uani mpaka kwenye matandazo ya kahawa. Akauliza ninatengeneza nini. Nikamwambia shanga za mjukuu. Akasema ni nzuri, mtoto atafurahi.

Nimeokota arobaini na moja. Nimezificha kwenye kopo la majani ya chai. Ishirini na mbili hazionekani, ardhi imezimeza. Jogoo wangu alikuwa akirandaranda hapo hapo, lakini yeye hakunisaidia kitu.

Ijumaa, 20 Oktoba

Safari ya Kyerwa. Sitaki kuikumbuka, lakini shajara ni shajara.

Wazo lilikuwa zuri mno. Gobore likikaa kwa shemeji Pastory, Kyerwa, naweza kusimama mbele ya Benadeta na kuapa kwamba nyumbani kwangu hakuna silaha. Ukweli mtupu! Nikalisokota ndani ya mkeka, nikafunga kwa kamba za migomba, juu nikachomeka miche miwili ya migomba ili ionekane mbegu. Kijana wa bodaboda akauliza mbona mkeka mzito. Nikasema umelowa mvua. Akatazama jua, akawasha pikipiki.

Shemeji alinipokea vizuri. Chai, karanga, sala ndefu. Ni mzee wa kanisa. Nilipofungua mkeka akasimama. Akaniuliza kama ningeona vyema kuhifadhi nyoka kwenye sanduku la sadaka. Nikasema silaha haina roho. Akasema jela nayo haina. Chai ya pili haikuletwa.

Nimerudi na mkeka wangu, miche imenyauka. Nimelizika gobore kwenye shimo la kuivishia ndizi, chini kabisa, nikafunika kwa majani makavu. Pastory alikuwa ameshampigia simu dada yake. Eustadia alikuwa ananisubiri mlangoni. Utulivu wa Eustadia unanitisha kuliko polisi. Aliuliza kitu kimoja tu, kikaango chake kiko wapi, maana senene wanakaribia kuanguka. Nikasema Theoneste kakiazima.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimechelewa kuamka. Jogoo hakuwika. Jogoo wangu! Huyo anayewika hadi mchungaji analalamika. Nadhani ni moshi wa Theoneste.

Maana Theoneste sasa anachoma pilipili kwa kinyesi cha ng'ombe kikavu pembezoni mwa shamba lake, kafunga madebe kwenye kamba, na mbwa anaye. Tumbili wamemkimbia. Wamekwenda wapi? Kwangu! Wote! Nimewakuta kumi na wanne kwenye mahindi yangu. Kuwapiga mawe siwezi, ukoo utaninyooshea vidole. Nikawa natupa pembeni. Dume moja kubwa likakaa juu ya kisiki, likamenya hindi taratibu, likanitazama kama mjomba anayesubiri chakula cha mchana.

Alasiri habari mbaya zaidi. Benadeta kamteua Theoneste kuwa msimamizi wa muda wa ulinzi wa mazao. Bila bunduki! Kampa firimbi. Firimbi nyekundu yenye kamba ya shingoni. Kaipuliza mara tatu akipita kwangu. Anasema alikuwa anaijaribu. Sijawahi kuitamani firimbi maishani mwangu, ila leo nimeitamani mpaka nimeshindwa kula.

Siku nane zimebaki.

Alhamisi, 26 Oktoba

Jogoo anazidiwa. Mabawa yanaburuzika, shingo imelegea, kinyesi cha kijani. Hafiki Jumapili huyu. Nimekaa naye uani, nikamwonea huruma. Halafu likanijia wazo.

Nimwalike Benadeta Jumamosi, nimchinjie jogoo kabla hajajifia! Mgeni atakuwa ameheshimiwa, nami sijapata hasara. Akishashiba, nimwombe barua yenye mhuri, iseme gobore ni kumbukumbu ya ukoo, kitu cha kihistoria, kibaki ukutani kwangu. Na tarehe 31 ipite salama.

Tatizo likabaki moja: firigisi. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, au mgeni mkubwa wa kiume. Mama zetu hata huyo kuku hawakumwonja. Benadeta ni mwanamke. Lakini ni mtendaji. Nimewaza hili tangu asubuhi mpaka saa kumi. Jibu: anayekula si Benadeta, ni serikali. Serikali ile firigisi.

Nimemweleza Eustadia. Alikuwa ametoka kwa Theoneste kuulizia kikaango. Nilidhani angebisha. Akasema ni wazo zuri sana, mtendaji lazima apate firigisi, na atamwandalia kwa mikono yake. Mke mwema ni zawadi.

Jumamosi, 28 Oktoba

 

Benadeta kafika saa saba, kavaa vizuri, ana daftari. Nyuma yake Theoneste na firimbi shingoni. Nikauliza nani kamwalika. Eustadia akasema yeye.

Nilianza hotuba. Nikamsifia baba, nikasifia historia, nikasema taifa lisilotunza vya wazee wake limepotea. Benadeta alikuwa anatikisa kichwa kuafiki. Nilipofika kwenye barua na mhuri, Eustadia kaingia. Kanawisha wageni, kapakua ndizi na maharage. Nikamuuliza kuku yuko wapi. Akasema cha mgeni kiko kwenye sahani yake. Akaiweka mbele ya mtendaji, imefunikwa kwa sahani nyingine.

Benadeta akafunua. Firigisi moja, imepasuliwa, imeoshwa vizuri, mbichi. Pembeni yake gololi za kijivu zimepangwa mduara. Kumi na tisa.

 Nilisikia tumbili shambani wakivunja mahindi yangu.

Eustadia akaeleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba jogoo kamfukia kwenye shimo refu, maana nyama ile si ya kula mtu. Alipoisafisha firigisi alisikia kitu kinagonga bakuli. Benadeta akaniuliza hizi ni nini. Nikasema changarawe. Karagwe tuna changarawe za kila aina. Theoneste akaokota moja, akaigeuza kwenye mwanga, akasema kwa moyo mweupe kabisa kwamba zinafanana na zile shanga za mjukuu ambazo Ta Gosbert alikuwa anazitengeneza kwenye kikaango. Angekuwa na hila ningemsamehe. Hana!

Basi Eustadia akasema yote. Kwamba leo ni tarehe 28. Kwamba tangu tangazo lisomwe anahesabu siku, na mimi nahesabu gololi. Kwamba hakuolewa aje kupeleka chakula gerezani. Akatoka, akarudi na mkeka umejaa majivu na harufu ya ndizi mbivu. Alikwenda kuivisha ndizi za rubisi ya ubatizo wa mjukuu, akakuta shimo limeshapangishwa.

Alikuwa analia. Miaka thelathini na moja, nimemwona akilia mara mbili. Nikampa leso yangu. Mimi!

Benadeta akafunika ile sahani, akasema msamaha bado uko wazi, Jumatatu tutakwenda wote. Halafu akala ndizi na maharage, akasifia mapishi. Barua sikuthubutu kuigusia tena.

Jumatatu, 30 Oktoba

Kituoni. Mimi, Eustadia, Benadeta, mkeka.

Askari mwenye mvi kalipokea gobore, kaligeuza, kachungulia mtutu. Akaomba waya. Akachokoa, ukatoka udongo mkavu. Akachokoa tena, udongo. Nyigu! Wamejenga humo ndani wakaziba mtutu mzima, kizazi juu ya kizazi. Akaniuliza mara ya mwisho nililifyatua lini. Nikasema karibuni tu. Akacheka mpaka akashika meza.

Kisha akaacha kucheka. Akasema kwa upole kwamba ningeshindilia baruti na kufyatua, lingenipasukia, na watu wangekuja kuokota uso wangu kwenye mahindi.  Eustadia akanishika mkono wa koti, hakuuachia mpaka tumefika nyumbani, hata kwenye pikipiki.

Nimetia sahihi. Nilipoligusa kwa mara ya mwisho, kitako chake bado kilikuwa na alama ya kiganja cha baba. Niliona uchungu, nasema kweli. Askari akanipigapiga begani. Akasema nimefanya vizuri, wengi hawaji, ingawa msamaha huu hutolewa karibu kila mwaka, hufunguliwa Septemba. Benadeta akaandika kitu daftarini. Mimi nikaandika kichwani.

Jumatano, 1 Novemba

Msamaha umefungwa jana. Mimi ni mtu huru, na zaidi ya hapo, ni mfano! Benadeta kanisimamisha mkutanoni, kasema raia wote wawe kama Ta Gosbert. Wamenipigia makofi. Theoneste kapuliza firimbi kunipongeza. Nikainama kidogo, kama watu wakubwa wanavyofanya.

Nyumbani si sherehe. Kikaango cha senene kimefukiwa pamoja na jogoo. Kipya kimeshanunuliwa, na nimeapishwa kwa Biblia nisikiguse. Kuku waliobaki wamehamishiwa kwa Theoneste mpaka Eustadia amalize kukwangua udongo wa uani, maana gololi tatu bado hazijaonekana. Kanitazama machoni akaniuliza kama nimejifunza. Nikasema nimejifunza sana. Nimejifunza kwamba mtutu lazima uzibwe kwa kitambaa, nyigu wasipate pa kuingilia. Hakunipa chai.

Nikaenda kilabuni kutuliza mawazo. Mzee mmoja wa Igurwa kaniita pembeni. Kasikia sifa zangu. Marehemu mjomba wake kaacha gobore, mtutu safi, hata buibui hajapita. Msamaha huu ulimpita, anaogopa kulala nalo nyumba moja, anatafuta mtu makini wa kumtunzia. Nikakataa! Papo hapo. Nikakataa mara mbili.

Nikarudi nyumbani. Nikafungua kopo la majani ya chai. Zipo zote, arobaini na moja. Hakuna aliyeziulizia.

Nimepiga hesabu. Leo ni Novemba mosi. Msamaha wa mwakani unafunguliwa Septemba. Miezi kumi mizima! Na huyo mzee hakutaka bunduki yake, alitaka mtu makini.

Kesho naenda Igurwa. Nitachukua mkeka.