Jinsi Bibi Mwatumu Alivyohama na Mabiringanya Yake

Sogeeni, enyi wakazi wa Handeni, nanyi jirani zetu wa Korogwe. Mwenye jembe aliweke chini, mwenye mtoto mgongoni ambembeleze, kwa maana zinasimuliwa habari za Mwatumu binti Hiza, mlinzi wa madebe, tishio la kwato na pembe, aliyevuka vumbi la Mazingara akiwa ameipakata bustani yake mapajani.

Ulikuwa mwaka ule wa kuhamia vijijini, ilipotangazwa kwamba kila kaya iliyotawanyika maporini ing'oke ikakae na wenzake, nyumba zitazamane, maendeleo yajue pa kuzikuta. Bibi Mwatumu, mjane wa miaka mingi, hakubishana na tangazo. Muhogo wake ulikuwa ardhini na ungebaki ardhini. Mpapai alioupanda marehemu mumewe haukuwa wa kupanda lori. Lakini nyuma ya jiko lake walisimama askari watatu wasiojua kurudi nyuma: mibiringanya mitatu, kila mmoja ndani ya debe la mafuta ya taa lililotobolewa chini kwa msumari, likajazwa udongo wa uani na samadi. Aliipanda humo kwa kuchoshwa na kuku waliokuwa wakimpekulia bustani. Mmoja ulikwisha kuzaa biringanya la zambarau, nene, linang'aa kama kiatu cha mkuu wa gwaride.

Lori lilipowasili, dereva wake Bonaventura, kijana wa mabega mapana aliyezaliwa katika makambi ya mkonge kule Korogwe, aliuinua mkono wake kama lango la ngome.

"Mama, nimeagizwa kubeba watu, vyombo na mifugo," alinena. "Mashamba sikuagizwa."

Bibi Mwatumu akaliweka debe chini, akajifunga upya kanga yake kiunoni.

"Mwanangu, hiki ni nini?"

"Debe."

"Debe ni chombo, si chombo?"

"Ni chombo, mama."

"Basi nimekuletea chombo. Udongo uliomo mume wangu aliufagia, nami nikaufagia, na wanangu wote walitambaa juu yake. Nyumba nimeiacha, muhogo nimeuacha, na chozi hujaliona. Nipandishe na madebe yangu, au ukawaambie waliokutuma kwamba Mwatumu amebaki."

Bonaventura alilitazama debe, akamtazama mwenye debe, kisha akalishusha lango la ngome.

"Panda, mama. Ila uyashike mwenyewe. Barabara hii haina huruma."

Humo ndani watu walikaa kimya juu ya mikeka na vinu, kila mmoja akiutazama moshi wa mwisho wa kwao. Na katikati yao, akiwa ameshikwa kamba na mzee Sadala, shemeji yake Bibi Mwatumu, alisimama beberu.

Tangu uhuru Bibi Mwatumu alikuwa akiisikia redio ya jirani ikimwonya mkulima juu ya beberu, mnyonyaji wa jasho lake, adui asiyeshiba. Alikuwa akiitikia kwa heshima tu. Sasa alimwona uso kwa uso: ana ndevu, ananuka, na macho yake ya manjano yameganda juu ya majani ya biringanya.

"Shemeji, kamba hiyo ni madhubuti?"

"Ya mkonge, shemeji," alijibu Sadala, mtu mpole asiyependa ugomvi na yeyote. "Hata ndovu angetulia."

Lori likatumbukia korongoni, kamba ikakatika, na vita vikaanza. Debe la kwanza liliruka ubavuni mwa lori likaangukia vichakani, likafa kifo cha shujaa. La pili lilinyolewa majani kabla Sadala hajaudaka mguu wa nyuma wa adui, naye akaburutwa juu ya mikeka akiomba radhi kwa kila aliyemkanyaga. Bibi Mwatumu akalikumbatia debe la tatu, lile lenye biringanya, akachomoa mfuniko wa sufuria kuwa ngao, na pembe zilipogonga mfuniko, mlio wake uliwarusha kwale porini.

"Beberu," alisema, akihema, "kwa hili la tatu utanipitia mimi kwanza."

Beberu akampitia. Alitafuna pindo la kanga hata mwenye kanga akabaki na nusu, lakini jani la debe la tatu hakuligusa. Hapo mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, kisha lori zima, watu waliokuwa hawajatamka neno tangu wafunge milango yao. Wakacheka hata Bonaventura akasimamisha gari kuuliza kama kuna aliyeumia.

Kijiji kipya kilikuwa vigingi vilivyochomekwa katika nyika tupu. Jua lilipoinama, akina mama walisonga ugali wa pamoja, na mboga haikuwapo ila chumvi. Bibi Mwatumu akalichuma biringanya, akalikata vipande vyembamba vya kuonyesha mwanga, akalipika kwa maji mengi ili lifike kila sahani.

Sadala akarudisha sahani yake. "Mimi sistahili, shemeji. Beberu ni wangu."

"Kula, shemeji," alisema. "Na kesho unisaidie kutafuta debe jingine."

Basi wanaohesabu siku kuu za taifa na wahesabu na ile, siku ambayo kijiji kizima, kabla ya nyumba, kabla ya kisima, kabla hakijapata hata jina, kilichovya tonge katika mchuzi wa biringanya moja, na Mwatumu binti Hiza akalala usingizi wa washindi, amejifunika nusu ya kanga.