Chupa Yangu ya Zebaki Haina Kosa

Idrija, Jumatatu

Kwa Daktari Rupnik,
Kliniki ya Wachimbaji Wastaafu

Daktari mheshimiwa,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima kabisa, na ndiyo sababu ninalalamika.

Ulimwambia binti yangu Brigita kwamba ile chupa ya zebaki iliyo juu ya kabati langu la jikoni, kumbukumbu ya miaka thelathini na mmoja mgodini, inatoa sumu. Tangu hapo Brigita amekataa katakata kumleta mjukuu wangu Neža mpaka chupa itoke. Malalamiko yangu ni haya:

1. Unasema mikono yangu inatetemeka. Ni uchangamfu tu, haipendi kukaa bure. Kweli mke wangu Pavla huniuliza, "Mzee, hiyo supu unakunywa au unaoga?" Hayo ni mambo ya ndoa.

2. Eti zebaki imening'oa meno. Meno kumi na moja yameondoka kwa hiari yao, sikuyafukuza. Isitoshe, žlikrofi anazopika Pavla zimejaa viazi laini.

3. Eti inaleta hasira. Huo ni uongo mtupu, na nilipousikia nilirusha kiti. Kilikuwa kibovu tangu zamani.

4. Eti inamfanya mtu aogope watu. Siku uliyokuja kwangu nilikaa stoo saa mbili nzima nikitafuta kitunguu. Nilikipata.

5. Chupa ina kizibo. Naifungua Jumapili tu, kuwaonyesha wageni boliti ya chuma ikielea. Wageni wenyewe siku hizi wamepungua, nadhani kwa sababu ya kile kiti.

Kwa hiyo naomba cheti chenye muhuri kwamba sina ugonjwa wowote, na umwandikie Brigita kuwa ulikosea. Neža anatimiza miaka mitatu Jumamosi. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa bado anatambaa.

Wasalimie wauguzi wote, hasa yule niliyemmwagia mkojo wa kipimo.

Wako mwenye afya tele,
Filip Kavčič

N.B. Maneno ni yangu, mwandiko ni wa Pavla. Hilo doa juu ya jina langu ndiyo saini. Nimejaribu mara tatu. Jana nilitaka kuitoa chupa mwenyewe, kimyakimya. Nilipoishika tu ikaanza kucheza mikononi, nikairudisha haraka. Nikiiangusha ngazini, Neža hatakanyaga humu maisha. Tafadhali tuma watu waje kuichukua kabla ya Jumamosi. Mimi nitakuwa stoo, lakini mlango nitauacha wazi.