Gari Lililokatazwa Kukauka

Jumatano, 4 Juni

Gari la baba mkwe liko uani kwangu! Macho yake yamechoka, daktari kamkataza usukani, na amesema atalitoa kwa mkwe atakayelitunza vizuri. Mwanyumba wangu, aliyeoa dada wa mke wangu, alikaa nalo wiki iliyopita, akalirudisha linang'aa. Mimi nina hadi Jumamosi. Mzee kaacha masharti: suuza kuanzia paani, kausha kwa kitambaa, usiliachie jua. Nimecheka. Jua ni la bure, kitambaa kinataka jasho langu. Nikaosha, nikasuuza, nikaingia ndani kunywa chai. Kutoka nje, nusura nianguke. Maji yetu ya kisima yana chumvi! Gari jeusi, madoadoa meupe mwili mzima, utasema kanga wa porini.

Alhamisi, 5 Juni

Akili ni mali. Nimesuuza upya kwa maji ya mvua, yale ya kupikia ya mke wangu, kisha nikaondoka nalo hivyo hivyo limelowa, mbio, upepo ulikaushe. Vumbi la barabara ya nyuma likauwahi upepo. Nimerudi na gari la udongo. Na nani kakaa barazani kwangu? Mwanyumba! Hakucheka. Aliniuliza kwa upole kama siku hizi nalima. Nimeshindwa hata kumkaribisha chai.

Ijumaa, 6 Juni

Basi, taulo. Nimechukua lile jipya la mke wangu. Laini! Likaniponyoka, likaanguka mchangani. Nikalikung'uta mara moja, nikaendelea kusugua kwa nguvu zote huku napiga mluzi. Mungu wangu! Boneti imejaa mikwaruzo, utadhani paka wamepigana pale. Nikakaa kwenye tope. Mke wangu aliliona taulo lake, akaliokota kwa vidole viwili. Baadaye akasema nimweleze baba ukweli, baba si mkali. Nikalimwagia gari ndoo kwa hasira. Loo! Likilowa, mikwaruzo haionekani!

Jumamosi, 7 Juni

Mzee kafika saa nne na mwanyumba, kanikuta nasuuza. Nikamwambia bado povu kidogo. Akaomba kiti. Saa tano, povu. Saa sita, povu. Mke wangu aliniangalia, akaangalia pembeni. Mzee alisema mara moja tu:

"Nimekuja kuliona likiwa kavu, mwanangu. Sina haraka."

Saa saba mpira wa maji ukakohoa, ukatoa matone matatu, kwisha. Tangi tupu! Tukakaa wanne tukilitazama. Mkwaruzo wa kwanza ukajitokeza, halafu wenzake. Sijaona kitu kikikauka haraka vile. Mzee akapitisha kidole mstari kwa mstari, na macho yake hayo mabovu. Aliniuliza kwa nini sikumwambia jana. Angekuja na polishi tukaifanya kazi pamoja. Kisha akampa mwanyumba funguo.

Jumapili, 8 Juni

Uani kweupe. Imeniuma, sikatai. Mke wangu anasema bila shaka sasa nimejifunza. Nimejifunza sana. Nimewaza asubuhi nzima na kosa nimeliona: tangi lilikuwa dogo. Nusu saa zaidi na mzee angesinzia. Bado ana pikipiki yake, nayo itataka mkwe. Nimeshamwita fundi bomba, aje na tangi mara mbili ya lile.