Kifaranga Anayelia Simuni Mwangu

Murukulazo, Ngara

Kwa Mratibu wa Masomo ya Uzamili

Ndugu Mratibu,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA KIFARANGA

Natumaini hamjambo huko chuoni. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, miaka hamsini na mmoja, mwanafunzi wenu wa uzamili kwa njia ya mtandao. Muhula huu mmetuwekea mchezo ili tuje darasani tumejiandaa. Kila mmoja ana kifaranga simuni. Ukisoma makala kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, anapata punje, usiposoma, analia. Asipokuwa jogoo ifikapo tarehe thelathini, mwenyewe haruhusiwi kuwasilisha pendekezo la utafiti. Nimeelewa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Huku simu hushika mtandao wa nchi jirani, na saa yake inarudi nyuma saa nzima. Wiki ya kwanza nililisha saa kumi na moja na nusu, nimetulia kabisa, kumbe kwenu ni kumi na mbili na nusu. Kifaranga alishinda njaa siku sita. Naomba hili lisimfikie mkuu wa shule, kwa kuwa mada ya majira ya saa duniani naifundisha mimi.

2. Mtandao wa kwetu unapatikana juu ya kichuguu kimoja, kando ya zizi la mzee Kazimili. Napanda kila alfajiri. Mzee aliuliza nafanya nini huko juu, nikamjibu nalisha kuku. Akatazama chini, hakuona kuku. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa sauti ya upole, kama anayemsalimia mgonjwa.

3. Alilia kanisani.

4. Niyibizi, niliyemfundisha kidato cha pili, sasa ni mwanafunzi mwenzangu na wake ni jogoo tayari. Ananiamkia shikamoo vizuri tu, kisha anauliza, "Kifaranga wako hajambo, Mwalimu?"

5. Mke wangu Speciosa ana kuku tisa wa kweli. Miaka ishirini na miwili ya ndoa sijawalisha hata mara moja. Amesema kama ni utayari, nianzie bandani. Nimetafuta jibu katika makala zote kumi na saba, halimo.

Kwa hiyo naomba mchezo ufutwe. Ikishindikana, niruhusiwe kuja kwa basi na jogoo wa Speciosa, asimame mbele ya jopo kuthibitisha utayari wangu. Kibali cha daktari wa mifugo nitakileta.

Wasalimieni wahadhiri wote, na mhasibu, na mlinzi wa getini aliyenitunzia mwavuli.

Wenu katika kusoma na kupanda vichuguu,
Mwl. Fideli Bartholomayo

Tanbihi: Muhula uliopita, bila kifaranga, nilisoma makala mbili, ya pili nusu. Halafu nimeona kwamba anayetuma maoni kwa maandishi hupewa punje thelathini. Wangu amebakiza ishirini na nane awe jogoo. Naomba barua hii isajiliwe mapema, na mchezo usifutwe hadi nimsikie akiwika.