Pikapu Iliyonukia Mchuzi

Leo nimepatikana. Benedikti, Patrisi, nawaandikia nyinyi wawili kwa sababu ndio mlioniambia tangu mwanzo, "Hiyo pikapu itakuua," nami nikawajibu kwamba mna wivu. Someni polepole. Mkimaliza, msinijibu kwa wiki mbili hivi.

Gari mnalijua. Ile pikapu ya tani moja na nusu niliyoinunua kwa Mzungu wa shamba la katani alipokuwa anarudi kwao. (Alinishika mkono akautikisa muda mrefu sana. Ningepaswa kujiuliza kwa nini.) Nia yangu ilikuwa njema: mchana karani wa bandari ya Mtwara, Jumamosi na Jumapili nabeba magunia ya korosho ya watu kwa malipo. Wapi! Mwaka wa kwanza ikafa klachi. Shilingi mia tatu, na kifaa kikangojewa kwa meli kutoka Dar kwa kuwa barabara ilikatika kwa mvua. Zikafuata springi za nyuma, zote mbili. Ikafuata gasketi, mara mbili, kwani ya kwanza haikukaa sawa. Ilipofika zamu ya gia boksi, cherehani ya mke wangu Magreta ikauzwa. Hakusema neno. Angesema, ningepata nafuu. Tangu siku hiyo nguo za watoto anazishona kwa mkono, amekaa dirishani, pale pale ninapopita nikienda kazini.

Kwa hiyo niliposikia watu wa Mahurunga wamechanga fedha wanatafuta gari la kijiji, nilikwenda kanisani kushukuru.

Tatizo ni kwamba pikapu ilikuwa na maradhi mawili mapya. Rejeta ilikuwa inavuja maji, na difu, yaani yale meno ya kwenye ekseli ya nyuma, ilikuwa inalia kama mbuzi aliyefungiwa. Fundi Salumu akanipigia hesabu ya vyote viwili: shilingi mia saba.

"Hakuna njia nyingine, fundi?"

Akatazama kushoto. Akatazama kulia. "Ipo. Lakini mimi sijakwambia."

Jana nikaenda sokoni nikanunua mayai sita, binzari ya unga na chane ya ndizi mbivu. Magreta aliponiona nimebeba vyote hivyo alitabasamu, akateremsha sufuria. (Nilimpita nikaenda moja kwa moja hadi garini. Nitaliungama hilo pia.) Mayai na binzari nikavitia kwenye rejeta, kwani yai likiiva kwa joto huziba tundu, na unga wa binzari hujaza nyufa. Ndizi nikaziponda nikazitia kwenye difu pamoja na oili, ziyanyamazishe meno. Nikalizungusha gari mtaani. Halikuvuja hata tone. Halikulia. Lilinyamaza kama mtoto aliyeshiba.

Leo asubuhi wageni wakafika, wawili. Wa kwanza Ndugu Chilumba, katibu wa kijiji, amevaa kanzu nyeupe pe. Wa pili Bi Somoe, mweka hazina, mama mwembamba wa makamo, asiyesema sana. Fedha za kijiji alizifunga kwenye pindo la kanga, na pindo lenyewe kalichomeka kiunoni. Nilijitahidi nisilitazame.

"Twende Mikindani," akasema Ndugu Chilumba. "Kwenye kilima."

"Kilima cha nini, ndugu? Kwenu si tambarare?"

"Magunia yakijaa, tambarare nayo ni kilima."

Nikafungua mlango. Tukapanda wote watatu mbele. Hadi Mikindani gari lilikwenda vizuri hata mimi nikaanza kuliamini. Nikajisifu! "Chuma cha zamani hiki, mama. Siku hizi hawatengenezi tena." Bi Somoe akaitikia kwa kichwa.

Tulipouacha mji tukaanza kupanda. Gia ya pili. Gia ya kwanza. Injini ikaguna. Ndugu Chilumba akanusa.

"Ndugu karani, kuna mtu anapika?"

"Ni hizo nyumba za njiani."

Hapakuwa na nyumba. Tukasogea kidogo tena. Akanusa tena.

"Sasa ameongeza ndizi."

Nikaanza kukohoa ili nisijibu. Papo hapo moshi ukatoka chini ya boneti, injini ikatetemeka, ikazima. Nikakanyaga breki mara tatu, gari likasimama. "Inapumzika tu," nikasema. "Ndiyo kawaida ya injini kubwa." Nikashuka nikafungua boneti. Mtu mwenye akili husubiri rejeta ipoe. Mimi nilikuwa na haraka ya kuficha. Nikashika mfuniko kwa kitambaa, nikauzungusha.

Jamani!

Ilikuwa njano. Njano kwenye shati langu, njano kwenye kioo, njano kwenye kanzu ya Ndugu Chilumba, aliyekuwa amekuja kuchungulia. Wala hayakuwa maji matupu. Yalikuwa mayai ya kuvuruga, yameiva vizuri, yana binzari. Kipande kimoja kikatua begani kwake kikakaa. (Mimi niliungua mkono. Si sana.)

Kina mama waliokuwa wakitoka kisimani wakasimama. Mmoja akasema, "Haya, chakula tayari! Karibuni!" Wakacheka hata maji yakawamwagikia. Lori la korosho likapita kuelekea bandarini, na dereva, anayeniona kila siku kwenye dirisha la ofisi, akapunguza mwendo akatoa kichwa: "Karani! Chumvi unayo?" Jumatatu bandari nzima itakuwa imejua.

Ingeishia hapo ingekuwa aibu ya kawaida, ningewaandikia nikicheka.

Bi Somoe alishuka taratibu. Hakucheka. Akakiondoa kile kipande begani kwa Ndugu Chilumba, akakitazama, akakitupa.

"Umetia mayai."

"Ndiyo, mama."

"Na nini kingine?"

"Binzari. Na ndizi, huko nyuma kwenye difu."

"Na nini kingine?"

Sijui nilipatwa na nini. Ningeweza kunyamaza. "Tangi la petroli lina ufa, nimeuziba kwa sabuni. Na breki, mama. Lazima uikanyage mara tatu. Ya kwanza na ya pili haishiki."

Ndugu Chilumba akageuka kuitazama barabara tuliyoijia, jinsi inavyoshuka. "Na sisi tumekuja hivyo kutoka Mtwara?"

"Ndiyo, ndugu."

Akakaa chini juu ya jiwe, na kanzu yake ile.

Bi Somoe alinisogelea. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza njia. Kwamba masika yaliyopita binti yake alishikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka. Wakamlaza kitandani, wanaume wanne wakakibeba kitanda kwa miguu kumpeleka hospitali Mtwara. Hawakufika. Baada ya mazishi kijiji kikakaa, kila nyumba ikatoa gunia moja la korosho.

"Gari tulitaka la wagonjwa kwanza," akasema. "Magunia baadaye." Kisha akaniuliza, "Ungetuuzia, mwanangu?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini sote watatu tulijua kwamba ningewauzia. Nikatazama chini. Viatu vyangu navyo vilikuwa vya njano.

Hawakunitukana. Afadhali wangenitukana. Ndugu Chilumba aliinuka, akatafuta jiwe kubwa akaliweka nyuma ya gurudumu, gari lisije likarudi likaumiza watu. Wakasimamisha gari la misheni lililokuwa linashuka, wakapewa nafasi nyuma. Bi Somoe alipokwisha kupanda, akanigeukia. "Huo mkono utie kwenye maji baridi," akasema.

Nami nipo bado hapa kilimani. Nawaandikia juu ya usukani, kwa mkono usioungua, namngoja Fundi Salumu, niliyemwagizia kwa dereva wa misheni. Nimemwona anakuja kule chini kwa baiskeli, na kwa mbali hivi hivi naona anatikisa kichwa. Sijui nitaanzaje kumwambia Magreta kwamba nilizuiwa na wanunuzi wenyewe nisiwauzie jeneza.

Gari lichekeni mtakavyo, nimewaruhusu. Mimi mniache kwanza.